Wazamia wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 1 Juni

Mama amenipa daftari hili pamoja na shuka mbili na sabuni. Kasema mtu asiyezungumza aandike, la sivyo maneno yatamwozea tumboni. Basi naandika.

Nimefika jana kwa Bibi. Nyumba yake ndiyo ya mwisho mtaani, na siku hizi ni ya mwisho kweli, kwa sababu zilizokuwa nyuma yake ziko chini ya mchanga. Moja imebaki ncha ya bati. Choo chetu cha nje nacho kimekwenda. Bomba lake la hewa tu limechomoza, kama mtu aliyeinua kidole darasani akasahauliwa. Kilima chenyewe cha mchanga kimesimama nyuma ya nyumba, cheupe, kirefu kuliko paa. Upepo wa baharini ukivuma kinasogea. Huwezi kukiona kikisogea. Unakuta tu kimeshasogea.

Leo nimeanza kazi kwa Daktari. Si daktari wa watu, ni wa mijusi. Ni mama mwembamba mwenye kofia pana, na kibanda chake cha mabati kiko upande wa pili wa kilima. Amenieleza kwamba hapa kuna mjusi anayeitwa mzamia. Rangi yake ni ya mchanga, urefu wake hauzidi kiganja, na akishtuka hakimbii, anazama. Anapiga mbizi mchangani kama samaki. Kwa hiyo anataka mchanga mlegevu, unaotembea. Ofisi ya ardhi inataka kupanda miti kilima kizima ili kisimame, kisimeze nyumba zaidi. Mizizi ikishika mchanga, mzamia hana pa kuzama, na hakuna kwingine anakojulikana kuishi. Daktari amepewa kiangazi hiki tu aonyeshe kwamba bado wanataga hapa. Akishindwa, mvua ikianza miche inapandwa.

"Umeelewa, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulimi unao?"

Nikaitikia tena kwa kichwa. Akacheka.

Kazi yangu: kila jioni navuta ubao kwa kamba kuuzunguka mguu wa kilima, mchanga ulainike kama shuka lililopigwa pasi. Asubuhi napita kando yake nikisoma nani kapita.

Jumanne, 2 Juni

Mchanga kwenye chai. Mchanga kwenye sukari. Bibi anasema nitazoea. "Mwezi ukiisha utakuwa na tofali tumboni, mke mwenzangu." Ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, eti tumeolewa na Babu wote wawili. Kabla ya kwenda kazini nimekabidhiwa kufagia mchanga unaolala kwenye ukuta wa nyuma, kuuzoa kwa karai na kuumwaga njiani mbele ya nyumba. Kesho utakuwa umerudi.

Ijumaa, 5 Juni

Sasa najua kusoma. Alama za mzamia ni kama mshono wa cherehani: mkia unachora mstari katikati, vidole vinatoboa huku na huku.

Na nimemwona. Kwa kweli nimeona macho. Nilikuwa nimechutama nafunga kamba ya ubao, nikahisi natazamwa kisogoni. Nikageuka: mchanga mtupu. Nikautazama mpaka mchanga nao ukanitazama. Macho mawili meusi, hayapepesi, mbele kabisa ya kiatu changu. Sijui yalikuwapo tangu lini. Nilipovuta pumzi yakawa hayapo.

Jumatano, 10 Juni

Jambo la ajabu. Alama zinashuka kilimani, zinakatiza ukanda wangu, zinaelekea nyumbani kwetu. Alama ya kurudi sijaona hata moja. Daktari alijikuna chini ya kofia. "Majike hawa, tazama tumbo lilivyoburuta. Wanashuka, halafu?" Tukazifuata mpaka karibu na ukuta wa nyuma, zikaisha.

"Pasafi sana hapa," Daktari akasema.

Nilifurahi. Nilidhani ananisifu.

Jumapili, 14 Juni

Chumba cha nyuma kimefungwa kwa ufunguo na kuna tambara limesokomezwa chini ya mlango. Kilikuwa cha Babu. Alifariki nikiwa darasa la tatu, mtu wa kimya sana. Watu husema ukimya wangu nimeutoa kwake. Bibi anasema mchanga ulivunja dirisha mwaka juzi, akaona bora afunge tu.

Leo jua likiwa utosini nilirudi kuchukua maji. Bibi alikuwa ukumbini amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye ule mlango, anachagua mchele na kuzungumza. "Huyo mwanao naye amenenepa, shingo haionekani tena. Nimemwambia apunguze, kanijibu eti ni kifua." Akainamisha kichwa kama anayesikiliza jibu.

Nami nikasikia. Mle ndani kitu kilikuwa kinasogea taratibu, kinaacha, kinasogea tena, kama mtu anayetafuta kandambili zake kwa miguu.

Bibi hakugeuka. "Mume wetu ameamka," akasema.

Nilichukua ndoo nikatoka. Maji yalinimwagikia miguuni njia nzima.

Jumatatu, 15 Juni

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani.

Jumanne, 23 Juni

Mjomba amekuja. Akiingia yeye nyumba inakuwa ndogo, kwa mwili na kwa sauti. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ukumbini, ule unaopakana na chumba cha Babu, akaingiza kidole kwenye ufa. Kiliingia chote.

"Mama, siku moja utalala uamkie kaburini."

"Basi si nitakuwa nimewapunguzia kazi ya kuchimba."

"Sitanii, mama."

"Na mimi natania?"

Amekata shauri. Tarehe ishirini na saba mwezi ujao analeta tingatinga. Litazoa mchanga wote wa nyuma, litabomoa chumba cha Babu kabla hakijaangukia sehemu nyingine, na pale patasimama ukuta wa zege. Baada yake ofisi ipande miti yake. Bibi alimuuliza kama atakula.

Wakati wa kuondoka Mjomba alinigeukia. "Na wewe bubu wetu, unalipwa kutazama mijusi ikikimbia?"

"Hawakimbii," nikasema. "Wanazama."

Alishangaa kunisikia. Nami nilishangaa. Simpendi Mjomba. Anapenda kuamuru kama vile amezaliwa na filimbi mdomoni.

Ijumaa, 3 Julai

Leo kilima kimelia. Ilikuwa mchana, hakuna hata kivuli changu. Nilikuwa juu karibu na kilele na Daktari yuko mbali chini, amekuwa kofia tu. Mchanga ulianza kuporomoka chini ya miguu yangu, taratibu, na sauti ikatoka, nzito, kama watu wengi wanaoguna midomo ikiwa imefumbwa. Niliisikia kwenye meno kabla ya kuisikia masikioni. Ilipokoma nikaona nimetelemshwa hatua kadhaa bila ya kunyanyua mguu. Na nilikuwa nimegeuzwa. Nimeelekezwa nyumbani kwetu.

Daktari anasema ni punje zinasuguana. Naamini. Lakini kuamini hakukunizuia kushuka mbio.

Jumatano, 8 Julai

Daktari amechimba kwa kijiko tangu asubuhi. Hakuna hata yai. "Majike wana matumbo, kisha hawana matumbo. Wanataga wapi, hewani?" Chakula chake kilikuwa kwenye kopo hakijaguswa, chungu wamekijaza. Mwanzoni nilimwona kama mtu asiyeweza kukosea. Siku hizi akinitazama najikuta nahesabu nione kama atapepesa.

Jumapili, 12 Julai

Upepo. Mlango wa uani haufunguki mpaka mwisho.

Jumatatu, 13 Julai

Upepo.

Jumapili, 19 Julai

Nitaandika yote.

Upepo umekoma asubuhi hii. Ulikuwa umeparua njia ya mbele, ile ninayoimwagia mchanga kila siku, na nilipotoka nikaona vitu vidogo vyeupe vimetapakaa pale tunapokanyaga. Nilidhani ni maharage. Vilikuwa vimesinyaa, vingine vimepasuka. Nikaokota kimoja. Ganda lake lilikuwa laini kama ngozi ya kidole kilicholowa maji. Nikalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kitu kimejikunja, kimekauka, mkia umezungushwa kichwani kama mtoto anayejificha. Macho tayari alikuwa nayo.

Nilikaa palepale chini.

Ni mimi. Kila alfajiri nafuta alama zao kando ya ukuta, halafu namsikiliza Daktari akiuliza wamepotelea wapi. Nimewatoa kwa karai na mayai yao, nikawamwaga njiani, nikawakanyaga nikienda kazini kuwalinda. Na Bibi amewakanyaga. Na muuza maji na baiskeli yake.

Halafu nikawaza: majike wengine hata mimi sijawafikia. Wako wapi?

Bibi alikuwa amekwenda kumtazama jirani. Nilichukua kigoda nikakiweka kwenye ule mlango, nikapanda, nikachungulia kwenye tundu la hewa juu yake.

Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia kwa dirisha lililovunjika, kwenye upenyo uliobaki juu ya mchanga. Mchanga umeingia kama ulimi. Umepanda kitanda cha Babu mpaka nusu, kwa hiyo mto uko juu na miguu haiko. Koti lake bado liko kwenye msumari, lakini mkono mmoja umezama, umenyooka, kama kuna anayeuvuta kwa chini. Na mchanga wote umeshonwa. Mshono juu ya mshono juu ya mshono, hakuna mahali pa kuweka kidole. Ndipo nikaona macho. Kwanza mawili, karibu na mto. Halafu mengine, halafu kila mahali, mpaka mfukoni mwa koti. Yote yalikuwa yamenielekea.

Hawakuzama. Nje huwa wote wanazama. Mle ndani walinitazama tu, kama wenye nyumba wanavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Jumatatu, 20 Julai

Nilikwenda kazini nimeamua kusema.

"Kuna jipya, binti?"

"Hakuna."

Jumatano, 22 Julai

Nimemwambia Bibi. Alikuwa anakunja nguo.

"Bibi, mle ndani si Babu."

"Wewe mtoto, nimekaa na mume umri wote ule nisijue tofauti yake na mjusi?"

"Ulijua?"

"Nilifungua mwaka jana nichukue blanketi, nikawaona. Nikawaomba radhi, nikafunga."

"Mbona unazungumza nao?"

"Babu yako naye alikuwa hajibu."

Nikacheka. Kisha kicheko kikageuka, nikamwambia habari ya mayai njiani, nalia mpaka kamasi. Bibi alinifuta kwa shati la Mjomba alilokuwa analikunja. "Ulifagia kwa sababu mimi nilikutuma. Basi tutagawana."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Ukimwambia yule mama wa kofia, watakuja na kamba na vibao, na mimi nitaambiwa nikae nikitazama ukuta unavyonijia. Usipomwambia, mwanangu atawazoa Jumatatu. Mimi sikushauri, mke mwenzangu. Nikikushauri nitajipendelea." Akachukua nguo nyingine. "Na sijui hata nitajipendelea upande gani."

Alhamisi, 23 Julai

Sijafagia. Bibi hakuniuliza.

Jumatatu, 27 Julai

Tingatinga lilifika tukiwa tunakunywa chai, vikombe vikaanza kugongana mezani. Dereva ni kijana mwenye maneno. "Bibi, leo tunakunyoa kisogo!" akapiga kelele. Mjomba alikuwa mbele yake anarudi kinyumenyume, mikono juu, anamwongoza.

Nilitoka nikasimama mbele ya Mjomba. Nilikuwa na sentensi yangu, nimeifanyia mazoezi tangu Alhamisi. Haikutoka. Mjomba akanishika mabega akanisogeza pembeni, si kwa ubaya, kama mtu anavyosogeza kiti.

Basi nikakimbia. Nilipanda kilima kwa mikono na miguu, napanda hatua mbili nashuka moja, na kilima kilikuwa kinaguna chini yangu wakati wote. Nilimwangukia Daktari mlangoni mwa kibanda chake. "Wako chumbani kwa Babu," nikasema. "Wote. Na mayai. Nilikuwa nayafagia. Kuna tingatinga." Alitoka mbio, akaacha kofia mezani.

Tulipofika, mashine ilikuwa inanguruma lakini imesimama. Ndoo ilikuwa imeng'ata mara moja tu, kwenye kona, ikaacha mchanga umekatika wima kama mkate. Na kwenye mkato ule mayai yalionekana, vichala kwa vichala, meupe, chini mpaka juu, yamepanda sambamba na ukuta wa nyumba. Jike mmoja alining'inia kichwa chini, nusu ndani, nusu nje. Pembeni yake palikuwa na macho.

Dereva alikuwa ameshuka, yuko mbali na mashine yake. "Mzee," alimwambia Mjomba, na mzaha wote ulikuwa umemwisha, "huo mchanga unanitazama. Mimi ndoo siishushi."

Daktari aliingia ndani, akapanda kigoda, akachungulia. Alikaa juu pale muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na machozi, lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Hakuna kugusa kitu. Hata ukuta."

"Ukuta huo ukiachwa unaanguka," Mjomba akasema. "Na upande wa pili wake anapita mama yangu. Mama yangu mzazi. Nina mmoja tu." Sauti yake ikakatika katikati, ile sauti kubwa. Nikaona mikono yake. Kumbe muda wote ule hakuwa anaamuru. Alikuwa anaogopa.

Wote wawili walikuwa na haki, na mimi ndiye niliyewakutanisha.

Bibi akatoka na kikombe chake mkononi. "Mmemaliza? Chumba hicho ni chao. Mimi nina vingine."

"Na wakija kwenye hivyo vingine, mama?"

"Watapiga hodi."

Akavua ufunguo shingoni. Daktari alinyoosha mkono. Bibi akampita, akanipa mimi.

Jumapili, 2 Agosti

Mjomba amekuja na magogo kuegemeza ukuta kwa upande wetu wa ukumbini. Daktari ametoa kibali, shingo upande. Mimi nilishika, yeye akapiga misumari, taratibu, kwa heshima, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Baadaye akaomba achungulie.

"Kweli hawapepesi?" akanong'ona.

"Wanapepesa ukishaondoka."

Akashuka haraka. Sikujua kama naweza kumtania Mjomba.

Jumanne, 11 Agosti

Watu wa ofisi wamekuja. Walichungulia kwa zamu, wamevua viatu bila ya kuambiwa. Wamekubali. Miti haitapandwa, kilima kitaachwa kitembee. Daktari alinikumbatia. "Umewaokoa," akasema.

Nilitazama njia ya mbele. Halafu nikatazama kilima, na nyumba ya Bibi chini yake, na hakuna kitu katikati. Hilo hakuna aliyelisema.

Jumatano, 12 Agosti

Mjomba amemtafutia Bibi chumba kwake. Bibi amemshukuru sana. Hakuondoka.

Ijumaa, 21 Agosti

Magogo yanalia.

Jumapili, 30 Agosti

Wameanguliwa. Nilichungulia kwenye tundu la hewa asubuhi nikadhani mchanga unachemka. Wadogo kama njiti za kiberiti, wengi mno, wanatoka, wanazama, wanatoka tena, kitanda kizima kinapumua. Nilimwita Bibi. Nilimshika kiuno akapanda kigoda. Alitazama, mdomo wazi kama msichana.

"Ona mume wetu alivyokuwa anataka chumba kijae watoto," akasema.

Daktari alicheka na kulia. Mimi nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini niliona koti la Babu. Mkono wa pili nao umezama.

Ijumaa, 4 Septemba

Ukuta wa ukumbini umeinama. Nimemsihi Bibi. Nimesema maneno mengi kuliko niliyosema shule nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipigia makofi.

Jumatatu, 7 Septemba

Mvua ya kwanza. Kilima kimenyamaza, kimekuwa cheusi. Daktari anafunga kibanda. Amenitaka nirudi naye msimu ujao, niwe msomaji wake wa alama. Nimekubali. Mama ananisubiri kesho. Bibi alilala mapema. Jioni nilimsikia chumbani kwake anaburuta kitu sakafuni, nikadhani anahamisha kitanda.

Jumanne, 8 Septemba

Nimepiga hodi kwa Bibi kulipokucha, nimuage. Nilikuwa na ufagio mkononi, kwa mazoea tu.

Mlango ulikuwa mzito. Mchanga umepita chini yake, umeingia mpaka katikati ya chumba, laini, umesawazishwa. Ubao wangu wa kulainishia mchanga ulikuwa umeegemezwa ukutani, kamba yake imekunjwa vizuri.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, haijagusa chini. Alikuwa macho. Nafikiri alikuwa macho muda mrefu.

Nilisogea na ufagio.

"Usifagie," akasema. "Kwanza nisomee."

Basi nikachutama mlangoni nikamsomea. Nilimwambia hapa wameingia wadogo, wengi, wamepita chini ya mlango. Hapa wamezunguka mguu wa meza. Huyu mkubwa, jike, tumbo limeburuta, amekuja moja kwa moja. Wamekutana mbele ya kitanda. Wamezunguka kandambili zako.

"Halafu?"

Nilitafuta huku na huku. Nilitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nimeshaona.

"Halafu hakuna alama ya kurudi, Bibi."

Alitazama chini, kwenye mchanga kati ya kandambili zake mbili, akatabasamu kidogo, akanyanyua miguu akairudisha juu kitandani, taratibu, asimwamshe mtu.